Usipoziba Ufa: Mpangaji, Mwenye Nyumba na Ukarabati kwa Wakati

SOMO LA JUMA KWA USHIRIKA WA NYUMBANI

Maandiko ya kusoma kabla ya somo: Walawi 14:33-48, Nehemia 2:1-8, Mathayo 18:15-17, Luka 18:1-8.

Lengo la somo: Tujifunze kudai ukarabati wa nyumba tunazopanga mapema, kwa maandishi, kwa tarehe na kwa utaratibu, bila kunyamaza na bila kupigana.



Hapa Ukambani mvua ya Oktoba hadi Desemba ndiyo tunayoitegemea zaidi. Tunaiombea, tunaifungia, na ikija tunamshukuru Mungu. Lakini kuna mpendwa anayeishi nyumba ya kupanga, pengine Katoloni, Mumbuni au Mutituni, ambaye akisikia mabati yameanza kulia usiku anaamka kutafuta sufuria za kukingia maji. Godoro linasukumwa kona nyingine. Siling bodi imelowa na inashuka. Mtoto anakohoa tangu wiki ile nyingine kwa sababu ukuta ni baridi na umeota kuvu.

Ukimuuliza, "Umemwambia mwenye nyumba?" wengi watakujibu moja kati ya mambo mawili. Wa kwanza anasema, "Namwachia Mungu." Wa pili anasema, "Huyo? Mwezi huu hapati kodi!" Wa kwanza anadhani huo ni upole. Wa pili anadhani huo ni ujasiri. Wote wawili bado wanalala chini ya paa linalovuja.

Neno la Mungu lina njia ya tatu, na hiyo ndiyo tunayojifunza leo.

1. MUNGU ANA HABARI NA KUTA ZA NYUMBA YAKO

Watu wengi huruka Walawi 14 wakisoma Biblia. Wanasema ni mambo ya ukoma, ya zamani. Lakini soma polepole kuanzia mstari wa 33. Mungu anazungumza na Musa na Haruni kuhusu nyumba yenyewe: ukuta uliopata madoa ya kijani au mekundu, yanayoonekana yameingia ndani kuliko uso wa ukuta. Sisi tungesema ukuta umekula unyevu na kuvu. Angalia utaratibu ambao Mungu ameuweka:

Kwanza, mwenye nyumba anaenda kwa kuhani na kusema ameona kitu kama pigo ndani ya nyumba. Hangoji mpaka ukuta uanguke.

Pili, kuhani anaagiza vitu vitolewe kabla hajaingia kukagua, ili mali ya watu isihesabiwe najisi pamoja na nyumba. Mungu anajali hata vyombo vyako.

Tatu, kuhani anakuja mwenyewe kuangalia kwa macho.

Nne, kuna muda: siku saba. Siku ya saba kuhani anarudi. Hasemi tu "nitakuja."

Tano, kama pigo limeenea, mawe yaliyoharibika yanatolewa, kuta zinakwaruzwa ndani pande zote, mawe mengine yanawekwa na nyumba inapigwa lipu upya.

Sita, ukaguzi unarudiwa. Ikiwa pigo limerudi, nyumba inabomolewa. Ikiwa halijarudi, nyumba inatangazwa safi.

Umeona, mpendwa? Taarifa, ukaguzi, tarehe, matengenezo, ukaguzi tena. Kuhani hakuambiwa apake chokaa juu ya doa na kuondoka. Hata leo fundi akija na kopo la rangi kufunika kuvu wakati bomba bado linavuja ndani ya ukuta, bado hajatengeneza kitu.

Mhubiri 10:18 inatuambia kwamba uvivu na mikono iliyolegea ndivyo vinavyoshusha paa na kuifanya nyumba ivuje. Wazee wetu wa Kiswahili nao wakasema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Msumari mmoja uliolegea kwenye bati leo ni kazi ya nusu saa. Ukiachwa misimu miwili, mbao zinaoza, siling inaanguka, na gharama inakuwa ya fundi wa wiki nzima. Kwa hiyo unaposema mapema, unamsaidia hata mwenye nyumba.

2. KWA NINI TUNANYAMAZA?

Tunaogopa. Tuseme ukweli. Tunaogopa kuambiwa, "Kama hutaki, hama." Tunafikiria shule ya watoto, nauli, dipositi ya nyumba nyingine. Nehemia pia aliogopa. Nehemia 2:2 inasema wazi kwamba aliingiwa na hofu kubwa mbele ya mfalme. Alikuwa amepata habari za ukuta wa Yerusalemu mwezi wa Kisleu, na alizungumza na mfalme mwezi wa Nisani, karibu miezi minne baadaye. Katikati hapo alifunga na kuomba. Lakini siku ilipofika alifungua mdomo.

Na angalia alivyosema. Hakulia tu. Alitaja shida. Alitaja kitu anachotaka. Alipoulizwa atachukua muda gani, alitoa muda. Akaomba barua kwa maliwali, na barua nyingine kwa mtunza msitu ili apewe mbao za malango, za ukuta na za nyumba. Mtu wa maombi alikuwa pia mtu wa karatasi.

Wengine tunanyamaza kwa sababu tumefundishwa kwamba mtu mpole hadai. Lakini Hesabu 12:3 inamtaja Musa kuwa mpole kuliko watu wote duniani, na ni Musa huyo huyo aliyerudi kwa Farao mara kwa mara na ujumbe ule ule. Kunyamaza si upole. Upole ni kusema ukweli bila kutukana.

3. HII KAZI NI YA NANI?

Kabla hujapiga simu, jua ni jambo lipi ni lako na lipi ni la mwenye nyumba. Kudai kitu ambacho ni wajibu wako kunakuvunjia heshima.

Kwa kawaida ni juu yako: balbu, kioo ambacho mtoto wako amevunja, kufuli ambayo umepoteza funguo, sinki uliyoziba kwa mabaki ya chakula, na usafi wa kila siku.

Kwa kawaida ni juu ya mwenye nyumba: paa, kuta za nje, mifereji mikuu ya maji taka, nyaya za stima ndani ya jengo, tanki la maji, ngazi, njia na vyoo vya pamoja. Kumbuka laini ya stima mpaka kwenye mita ni ya Kenya Power. Nyaya za kuingia ndani baada ya mita ni za mwenye jengo.

Hii si maoni ya mchungaji. Sheria ya Ardhi ya Kenya ya mwaka 2012, kifungu cha 65, inaweka ahadi ambazo mwenye nyumba anahesabiwa amezitoa katika mkataba wa kupangisha. Moja ni kwamba nyumba, fleti au chumba cha kuishi kiwe kinafaa kukaliwa na watu siku unapoingia, na kiendelee kufaa muda wote wa upangaji. Nyingine ni kwamba, pale ambapo umepanga sehemu tu ya jengo, mwenye jengo atatunza paa, kuta kuu, mifereji mikuu na sehemu zinazotumiwa na wote. Tena unayo haki ya kukaa kwa utulivu bila kusumbuliwa. Kukatiwa stima au kung'olewa mlango ili uhame si utulivu.

Juu ya hayo, Katiba ya 2010, Ibara ya 43, inataja haki ya kila mtu kupata makao ya kutosha na kiwango kinachofaa cha usafi.

Basi usiende kwa mwenye nyumba kama mtu anayeomba sadaka. Paulo alikuwa mtumishi wa Mungu, lakini katika Matendo 22:25 aliuliza swali la sheria kabla hajapigwa, na katika Matendo 25:11 akakata rufani kwa Kaisari. Na kama ulidhani kupanga ni aibu, soma Matendo 28:30: Paulo alikaa miaka miwili mizima Rumi katika nyumba ya kukodi, na Injili ikahubiriwa humo.

4. HATUA ZA KUFUATA

Hatua ya kwanza: Omba, kisha andika unachokiona. Usiandike "nyumba ni mbaya." Andika: "Paa linavuja juu ya kitanda, upande wa dirisha, tangu mvua ya tarehe fulani." Piga picha. Picha zako za siku ya kuhamia nazo zitafute. Zinaonyesha hali ilivyokuwa. Kama unahamia nyumba mpya mwezi huu, piga picha za kuta, siling, sinki, choo na mita kabla hujaingiza kiti kimoja.

Hatua ya pili: Pima uzito wa jambo. Yako mambo ya leo leo: waya unaorusha au uliolowa maji, choo kilichofurika, ukuta unaoinama, mlango wa nje usiofungika. Yako mambo ya wiki: paa linalovuja, bomba lililopasuka, tanki lisilojaa. Yako ya mwezi: rangi, kitasa, kabati. Ukipiga kelele ya moto kwa sababu ya rangi, siku ya moto wenyewe hutasikizwa. Na jambo la stima lisikungoje: zima swichi kuu, weka watoto mbali, na usiruhusu jirani aliye "mjuaji" kuparua waya. Fundi wa stima awe na leseni ya EPRA.

Hatua ya tatu: Mwambie mwenye nyumba mwenyewe, kwa heshima. Mathayo 18:15 inaanza na wewe na yeye, wawili tu. Haianzi na grupu ya WhatsApp ya ploti. Kama kuna msimamizi wa ploti au ajenti, pitia kwake kwanza, lakini hakikisha habari imefika kwa mwenye mali. Mara nyingi msimamizi anasema "nimemwambia" na kumbe hajamwambia.

Hatua ya nne: Weka kwa maandishi. Hata kama mmeongea vizuri kwa simu, tuma ujumbe baadaye: "Asante Mzee kwa kuongea nami leo. Tumekubaliana fundi aje Alhamisi." Ujumbe wa WhatsApp au wa simu wenye tarehe ni ushahidi. Usiufute. Kwa jambo kubwa andika barua na ubaki na nakala.

Mfano wa barua:

"Mzee, salamu katika jina la Bwana. Mimi ni mpangaji wa chumba nambari 4. Tangu mvua ya tarehe 3 Novemba, paa linavuja juu ya kitanda cha watoto. Siling bodi imelowa na imeanza kushuka, na maji yanapita karibu na waya wa taa. Taa hiyo nimeizima. Naomba fundi aje aangalie kabla ya tarehe 14 Novemba. Niko nyumbani kuanzia saa kumi jioni, na Jumamosi niko siku nzima. Kodi ya mwezi huu nimelipa tarehe 5. Nimetuma picha tatu. Asante, na Mungu akubariki."

Angalia barua hiyo. Haina tusi. Ina mahali, tarehe ya kuanza, hatari, ombi, siku ya mwisho, saa ya fundi kuingia, na habari kwamba kodi imelipwa. Mwenye nyumba akiisoma hana la kuuliza zaidi ya kumpigia fundi.

Toa muda wa haki. Wenye ploti wengi hapa kwetu si matajiri tunavyodhani. Kuna mwalimu mstaafu aliyejenga vyumba sita kwa mkopo wa sacco, kuna mjane anayelipia karo kwa kodi hiyo hiyo. Paa zima halibadilishwi kwa siku moja. Lakini kuja kuangalia, kuziba tundu, kuweka ndoo ya lami, hayo yanawezekana wiki hii.

Hatua ya tano: Kama shida ni ya ploti nzima, nendeni pamoja. Choo cha pamoja kikifurika, si shida ya mama wa chumba cha kwanza peke yake. Katika Hesabu 27 mabinti watano wa Selofehadi walisimama pamoja mbele ya Musa na wakuu wakaeleza haki yao, na Mungu akasema wamenena sawa. Andikeni barua moja, kila mmoja atie sahihi na nambari ya chumba. Ni vigumu kumfukuza mtu mmoja kwa kusema wakati kumi wamesema.

Hatua ya sita: Rudi tena tarehe ikifika. Mjane wa Luka 18 hakuwa na wakili wala pesa. Alikuwa na miguu. Aliendelea kurudi mpaka kadhi asiyemcha Mungu akaona heri ampe haki yake. Kurudi kwa adabu si usumbufu. Andika kila mara uliporudi: tarehe gani, uliongea na nani, alisema nini.

5. MAMBO MATATU USIYAFANYE

Usiache kulipa kodi. Hapa ndipo wapendwa wengi wanapoanguka. Unasema, "Atengeneze kwanza." Lakini sheria ya Kenya ya kukamata mali kwa ajili ya kodi, Sura ya 293, inampa mwenye nyumba njia ya kumtuma dalali mwenye leseni kwa sababu ya malimbikizo. Ulikuwa na kesi nzuri ya paa. Sasa kesi imekuwa ya deni lako, na televisheni yako iko kwenye pikapu. Warumi 13:7 inatuagiza kumlipa kila mtu haki yake. Lipa, weka ujumbe wa M-Pesa, kisha dai haki yako ukiwa na mikono safi.

Usitengeneze na kukata kwenye kodi bila ruhusa ya maandishi. Kama mwenye nyumba anasema, "Tafuta fundi, nitakurudishia," ni sawa, lakini apate kwanza bei ya fundi, ajibu kwa ujumbe kwamba amekubali kiasi hicho kikatwe kwa kodi ya mwezi fulani, ndipo ununue vifaa. Risiti zote weka. Maneno ya mdomo huyeyuka siku ya kodi.

Usiharibu mali wala jina. Kuvunja kilichobaki kwa hasira, au kumchafua mtu sokoni, kunageuza haki yako kuwa kosa.

6. AKIKATAA KABISA

Tuseme umeandika, umerudi, tarehe mbili zimepita, na jibu ni "nitaona." Bado kuna ngazi. Panda moja moja.

Mashahidi. Mathayo 18:16 inasema chukua mtu mmoja au wawili. Jirani wa ploti, mzee anayeheshimiwa, balozi wa nyumba kumi. Waende wakaone kwa macho, kama kuhani wa Walawi.

Chifu au naibu wake. Ofisi yake si mahakama, lakini anaweza kuwaita wote wawili na kuwapatanisha. Mkikubaliana, ombeni makubaliano yaandikwe na yatiwe sahihi.

Afisa wa afya ya umma. Huyu watu wengi humsahau. Chini ya Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, nyumba iliyochakaa au yenye unyevu kiasi cha kudhuru afya, choo kibovu, na mfereji wa maji taka uliofurika vinaweza kuhesabiwa kuwa kero kwa afya ya watu. Ofisi ya afya inaweza kukagua na kumpa mhusika notisi ya kuondoa kero hiyo, na akipuuza anaweza kufikishwa mahakamani. Kazi hii siku hizi iko chini ya serikali ya kaunti, kwa hiyo ulizia afisa wa afya ya umma katika ofisi ya kaunti ndogo yenu. Nenda na picha na nakala ya barua.

Baraza la kodi. Chini ya Sheria ya Kudhibiti Kodi, Sura ya 296, lipo baraza linalosikiza kesi za nyumba za kuishi, na lina uwezo wa kuamuru ukarabati. Lakini sheria hiyo inahusu nyumba ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Kama kodi yako imepita hapo, usipoteze nauli. Njia yako ni mahakama.

Mahakama. Kama maji yameharibu godoro na friji, na unadai pesa za mali hiyo, Mahakama ya Madai Madogo husikiza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000. Unaweza kujisimamia bila wakili, na kesi inatakiwa kuamuliwa ndani ya siku 60. Hapo ndipo utajua faida ya zile picha na tarehe.

Kuhama. Wakati mwingine hekima ni kuondoka. Katika Mwanzo 26 watumishi wa Isaka walichimba kisima wakagombaniwa, wakachimba cha pili wakagombaniwa, akasogea mbele akachimba cha tatu na Bwana akamfanyia nafasi, akakiita Rehobothi. Isaka hakushindwa. Alisogea. Ukiamua kuhama, toa notisi kwa maandishi kama mkataba unavyosema, piga picha za mwisho, mkaguane nyumba pamoja, na udai dipositi yako.

7. KAMA MWENYE NYUMBA NI NDUGU YETU

Hapa tuongee bila kuzunguka. Kuna wapangaji katika kanisa hili ambao mwenye nyumba wao anaketi viti vya mbele. Jumapili wanasalimiana "Bwana asifiwe," na Jumatatu maji yanaingia kitandani. Mpangaji anaogopa kusema kwa sababu ataonekana anamshambulia mzee wa kanisa.

Katika 1 Wakorintho 6:1-7 Paulo anauliza kama hakuna hata mwenye hekima mmoja kati ya ndugu anayeweza kuamua. Kwa hiyo jambo kati ya waumini lianze hapa ndani. Mwone mchungaji au wazee wawili. Wazee nao wasikilize pande zote, waende waione nyumba, na waweke tarehe. Wasimwambie mpangaji "samehe tu." Msamaha unaponya moyo; hauzibi bati. Na mzee aliye mwenye jengo hilo asiketi katika kuamua jambo lake mwenyewe.

Lakini tusitumie andiko hilo kuficha hatari. Waya ukirusha, au maji taka yakipita mlangoni pa watoto, kumwita afisa wa afya si kumshtaki ndugu. Ni kulinda uhai, na uhai wa mtoto wa ploti hauwezi kungoja kikao cha wazee.

8. NENO KWA WENYE NYUMBA

Baba, mama, ambaye Mungu amekupa ploti: hongera. Lakini katika Kumbukumbu la Torati 22:8 anayejenga nyumba mpya anaagizwa kuweka ukingo juu ya paa, mtu asije akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba hiyo. Mungu aliweka usalama wa mtu mwingine mikononi mwa mwenye jengo. Ngazi isiyo na kishikio na waya uliolowa ni mambo ya andiko hilo.

Mithali 3:27-28 inatukataza kumwambia jirani aende arudi kesho wakati uwezo tunao leo. Na kama uwezo huna leo, sema hivyo. Mwambie mpangaji, "Wiki hii nitaziba, mwezi wa pili nitabadilisha mabati." Mpangaji anayeambiwa ukweli hungoja. Anayezimiwa simu huhama, na chumba kinabaki kitupu. Tenga sehemu ya kodi kila mwezi kwa ajili ya marekebisho, na mtume fundi juu ya paa mwezi wa Septemba, kabla ya mvua.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika Walawi 14, kuhani alirudi siku ya saba. Kwa nini tarehe ni muhimu katika jambo lolote la ukarabati?
2. Nehemia aliogopa na bado akasema. Ni hofu gani inayokufanya wewe unyamaze?
3. Kuna tofauti gani kati ya upole na kunyamaza? Toa mfano kutoka ploti yenu bila kumtaja mtu.
4. Kwa nini kuacha kulipa kodi kunamdhoofisha mpangaji mwenye haki?
5. Kanisa lifanye nini mwenye nyumba na mpangaji wakiwa wote ni washiriki?

ZOEZI LA WIKI

Kagua nyumba yako kabla ya Jumapili: paa, siling, nyaya, bomba, choo, mlango. Chagua jambo moja tu lililo zito zaidi. Liandike kwa mistari mitano, weka tarehe, piga picha, na utume. Kama wewe ni mwenye nyumba, wapigie wapangaji wako na uwaulize swali moja: "Kuna kitu gani kimeharibika ambacho sijakiona?" Wasiojua kuandika wasaidiwe na vijana wa ushirika wao.

OMBI

Baba yetu wa mbinguni, wewe uliyetoa sheria juu ya kuta na paa za watu wako, utupe ujasiri wa Nehemia na uvumilivu wa yule mjane. Walinde watoto wanaolala mahali penye unyevu. Walainishe mioyo wenye nyumba, na uwafungulie riziki ya kutengeneza. Utupe wapangaji walio waaminifu katika kodi na katika maneno. Katika jina la Yesu Kristo. Amina.